Walipogawana Matari

Kikundi cha maulidi cha mtaani kwetu Kilindoni kilivunjika kwa sababu ya bahasha. Ilikuwa harusi ya upande wa Baleni. Mwenye shughuli alitunza vizuri, watu wakaona kwa macho yao, lakini bahasha ilipita mikono miwili kabla ya kumfikia mweka hazina, na ilipomfikia ilikuwa nyembamba. Hakuna aliyemwita mwenzake mwizi. Watu wa huku hawasemani hivyo. Walianza kuchelewa mazoezini, kisha wakawa hawaji, kisha salamu zikawa fupi: "Salama?" "Salama." Basi. Ugomvi wenyewe ulizuka siku upande mmoja ulipokuja na mkokoteni kuchukua matari.

Matari yale hayakuwa ya mtu. Yalinunuliwa kwa mchango, nazi kwa nazi, enzi ambazo nazi ya Mafia ilikuwa na bei ya maana. Tena si kitu cha kubeba tu ukaenda nacho. Tari ni ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye duara la mti, na ngozi kisiwani haitulii: hewa ya bahari huilegeza, na jioni ya masika ukiipiga utadhani unapiga godoro. Ndiyo maana kila kikundi huwa na mtu wake wa moto. Wa kwetu ni mzee mmoja asiyetaka kusikia habari ya mkaa. Anawasha makumbi ya nazi, anangoja ndimi za moto zife libaki joto tu, ndipo anapitisha tari moja moja juu yake. Anaizungusha, anaigonga kwa kidole cha kati, anaileta sikioni, anairudisha. Ikikaza kupita kiasi anaipulizia pumzi ya mdomo. Kazi hiyo humchukua kutoka magharibi mpaka isha. Pande zote mbili zilipokuja kudai matari, hakuna upande uliokumbuka kumdai yeye.

Kikao cha wazee kikaitwa. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu kisiwani ana kazi moja isiyo na mshahara, nayo ni kuandika mihtasari ya ugomvi wa watu. Nikaandika. Kila aliyesimama alianza na umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu, na kila aliyekaa alikaa bila kupunguza hata neno moja la madai yake. Kalamu yangu iliyaandika yote hayo. Akili ilikuwa Tanga.

Baba yangu mkubwa alikuwa kuli bandarini Tanga. Alirudi Mafia katikati ya miaka ya 1970 na redio ya mbao, makoti mawili, na ushabiki wa bendi ambao hapa hakuna aliyeuelewa. Alizitaja bendi kama wengine wanavyotaja Simba na Yanga. Jioni tulikaa naye barazani tukiomba Mungu apitiwe na usingizi tubadilishe stesheni, naye halali, anatueleza Ngamiani: mitaa inayohesabiwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka unachoka. Jumamosi moja, alisema, unatoka kwenye dansi la Jamhuri Jazz, unawapitia Atomic Jazz, na kabla hujafika kwako unawakuta Black Star Musical Club wanapiga taarab harusini, na uani mwa nyumba ileile kina mama wana ngoma yao ambayo mwanamume haisogelei.

Taarab ile, alikazia, si ya Unguja. Na kweli. Unguja walikuwa na Ikhwani Safaa tangu 1905, safu ndefu ya fidla, udi na ganuni, wapigaji wamekaa vitini na suti zao, msikilizaji naye ametulia. Tanga walikuwa wachache. Wakaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, wakaupa muziki mwendo wa kuchezeka, na sauti za wanawake zikawa mbele. Shakila Saidi, ambaye tulimzika Agosti 2016, alipitia Black Star na Lucky Star, klabu mbili za mji mmoja zilizokuwa zikiwindana kila msimu wa harusi. Hata Mombasa walikuja kuipenda taarab ya Tanga na kuiiga.

Aina zote hizo za muziki katika mji mmoja mdogo zilitoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu ni mkonge. Wajerumani waliuleta mwaka 1893, na kufikia miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Mashamba yale yalivuta watu kutoka Unyamwezi, Uha, Songea mpaka Msumbiji, na kila manamba aliyeshuka kwenye treni alishuka na ngoma yake kichwani. Jamhuri Jazz yenyewe ilianza miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, bendi ya wageni wa bara katika mji wa pwani. Bandarini nako zilishuka sahani za Kikuba, zile za GV zilizouzwa Afrika tangu 1933. Mnyamwezi, Mdigo na Mmanyema wakasikiliza rumba moja, kila mmoja akaisikia kwa sikio la kwao.

Ila si wingi wa bendi ulioniteka pale kikaoni. Niliwaza namna zilivyozaliwa. Karibu kila moja ilitoka ubavuni mwa nyingine, na mara nyingi kwa maneno makali.

Chukua ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Muziki waliuanzia Tanga, kwenye ukoo wa Jamhuri Jazz. Wakaondoka. Mwaka 1970 wako Arusha wakijiita Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wamevuka mpaka, wako Mombasa, na huko ndiko ilikozaliwa Simba Wanyika. Baadaye wakahamia Nairobi, wakang'ara. Mwaka 1978, katikati ya kung'ara huko, baadhi ya vijana wao wakachomoka, akiwamo Omar Shabani wa gitaa la ridhimu na Tom Malanga wa besi, wakaunda Les Wanyika. John Ngereza naye akaungana nao. Mtu wa kikao chetu angesema Simba Wanyika imekwisha. Haikwisha. Iliziba mapengo ikaendelea kutoa nyimbo kwa miaka mingi, na Issa Juma naye akawa na Super Wanyika yake. Les Wanyika wakatoa "Sina Makosa", wimbo ambao ukipigwa leo harusini Mombasa au Mbagala, mzee aliyekuwa analalamika magoti anasimama. Nyumba moja ya Tanga, na matawi yake yameenea Afrika Mashariki nzima. Wangebaki wote chini ya paa moja kwa heshima ya methali, tungekuwa na bendi moja nzuri.

Dar es Salaam mambo yalikuwa hayohayo. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka bendi ya NUTA, akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa mwaka 1978, mwaka 1985 akavutwa na wenzake kwenda Orchestra Safari Sound, na mwisho akarudi nyumbani, kwa NUTA ileile iliyokwishajulikana kama Msondo. Kila alipohama mashabiki walilia usaliti. Kila alipofika, bendi mpya ilibadilika, na ile aliyoiacha ililazimika kutafuta sauti nyingine. Ushindani wa Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, uliolisha Dar kwa miaka, usingekuwapo kama watu wangetulia walipo.

Tazama pia waliondoka na nini. Vyombo mara nyingi vilikuwa mali ya mwenye bendi: chama cha wafanyakazi, shirika, jeshi, au tajiri mmoja mwenye baa. Mpiga gitaa aliyehama aliliacha gitaa ukutani. Alichobeba ni vidole, masikio, na mazoea ya kukaa na watu kumi jukwaani bila kumkanyaga mtu. Hivyo havichukuliwi kwa mkokoteni, wala yule anayeachwa hapungukiwi navyo. Nilipoandika kwenye daftari la kikao "mgogoro wa matari", nilijisemea kwamba hawa wamegombea kitu ambacho wenzao wa Tanga walikuwa wanakiacha ukutani.

Wala si Tanga peke yake. Vijana wa hapa wanaijua Liverpool kwa sababu ya mpira. Ni mji wa bandari kaskazini mwa Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa na bendi nyingi hata mwanafunzi mmoja, Bill Harry, akaanzisha gazeti la kuziandika, Mersey Beat. Mabaharia walirudi na sahani za Marekani kama wa Tanga walivyoletewa za Kuba. Walikuwapo pia watu wa Karibi na Afrika Magharibi na ngoma zao; mtu mmoja wa Trinidad, aliyejulikana kama Lord Woodbine, mwimba kalipso, ndiye aliyesafiri na vijana wa Beatles kwenye gari walipokwenda Hamburg mara ya kwanza, mwaka 1960. Na mpiga ngoma wao anayejulikana dunia nzima, Ringo Starr, walimchukua mwaka 1962 kutoka bendi jirani ya Rory Storm, baada ya kumwondoa waliyekuwa naye. Baba mkubwa angecheka. Angeuliza tu kama Rory Storm alirudishiwa kiingilio.

Sitetei kila utengano. Mafia tuna hadithi yetu ya watu walioachana vibaya, na mtoto wa hapa huisikia kabla hajajua kusoma.

Palikuwa na miji miwili, Kisimani huku magharibi ya kisiwa kikubwa, na Kua kule Juani. Watu wa Kisimani waliunda jahazi. Siku ya kulishusha wakawaalika wa Kua, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, chombo kikapitishwa juu yao kwenda majini. Kua hawakusema kitu. Walikaa kimya miaka, wengine husema saba, mpaka ikaonekana yamesahaulika, ndipo nao wakawaalika wa Kisimani harusini. Wageni wa heshima waliingizwa chumba cha chini ya ardhi. Wakala, wakaburudika. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu anafuata maji, huyu anaangalia ubani, mpaka akabaki mzee mmoja wa Kua anayewachangamsha wageni, na nje mlango unajengwa kwa mawe. Mzee alijua hatoki.

Magofu ya Kua yapo, misikiti yake imekumbatiwa na mizizi. Kisimani sehemu kubwa imeliwa na bahari. Kua nayo ilivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, na walionusurika wakatawanyika. Kwa hiyo hakuna aliyebaki wa kuulizwa kama harusi ile ilikuwapo kweli. Mimi humfikiria yule mzee. Lazima alikuwa fundi. Kuwashika watu wazima kwa maneno, au kwa nyimbo, wasisikie jiwe likigongana na jiwe hatua chache kutoka walipokaa, ni kipaji ambacho mji wowote ungejivunia, nacho kikatumika kufunika sauti ya ukuta. Kisasi chenyewe kinanitisha kidogo. Kimya cha miaka ile kinanitisha zaidi.

Makundi ya ngoma za pwani hayakujua kunyamaza namna hiyo. Tangu zama za beni, Arinoti upande huu na Marini upande ule, ugomvi ulitoka nje na mavazi yake na tarumbeta zake, ukapita barabarani mchana kweupe, na mshindi akajulikana kwa kushangiliwa. Miaka ya 1990, Tanzania One Theatre yenye Khadija Kopa na Muungano yenye Nasma Khamis walitukanana kwa mashairi, na watu wakalipa kiingilio kwenda kuusikia ugomvi usiowahusu. Mimi mipasho mingi ya wakati ule naiona mizito mno. Mingine siwezi kuipiga mbele ya mama mkwe. Lakini mtu aliyepewa kipaza sauti Ijumaa, akajibiwa Jumamosi, hana sababu ya kungoja miaka saba. Anahitaji beti nyingine tu, na ili aipate lazima akae amsikilize adui yake kwa makini kuliko anavyomsikiliza rafiki.

Tanga yenyewe, hata hivyo, haikubaki vile. Kamba za plastiki ziliupiga mkonge, bei ikaanguka, mashamba yakageuka pori, treni ikapungua. Wanamuziki walifuata pesa Dar na Nairobi. Nyimbo nyingi walizozirekodi Radio Tanzania zilipigwa kila siku nchi nzima na hazikuwatajirisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wagosi wa Kaya, vijana wawili wa Tanga na lafudhi yao ya nyumbani waliyokataa kuificha, waliimba kuuliza mji wao una nini. Kipaji hakikuwa kimekwisha. Wao wenyewe walikuwa ushahidi. Walipungua watu wenye mshahara wa Jumamosi. Bendi zinaweza kugawanyika mara kumi, lakini kila kipande kinahitaji mtu wa kununua tiketi.

Hilo ndilo lililonipa wasiwasi kuhusu sisi. Wilaya nzima, sensa ya 2022 ilituhesabu watu zaidi ya 60,000, kutoka Bweni mpaka Jibondo, na humo muziki umejaa kuliko mgeni anavyodhani. Juma moja Kilindoni unasikia kaswida ya watoto wa madrasa, zikiri usiku, ngoma ya mganga anayempunga mtu pepo, rusha roho kwenye spika za kukodi, na Bongo Fleva kwenye kila bajaji inayotoka Utende kuleta wazungu waje kuogelea na papa potwe. Je, kuna nafasi ya vikundi viwili vya maulidi katika mtaa mmoja?

Aliyeamua jambo lile kikaoni alikuwa mzee wa moto. Alisimama mwishoni, watu wameshachoka, na hakutaja umoja. Alisema: "Matari yakae kwangu. Mwenye shughuli aje aazime, ayarudishe mazima. Na nitawawashia moto nyote, mradi mlete makumbi yenu wenyewe." Mtu mmoja akauliza, na wakiwa na shughuli usiku mmoja? "Basi mtakuwa mmepata kazi nyingi, mtanunua mengine." Niliandika uamuzi huo kwa mistari miwili, mfupi kuliko mihtasari yote niliyowahi kuandika.

Kwa sasa hali ni hii. Kikundi kipya kimejifunza kaswida za Unguja kwa kuzisikiliza kwenye simu, kwa hiyo cha zamani, kilichokuwa kinarudia zilezile tangu nijue, kimelazimika kuamka. Wenye harusi wenye uwezo huita vyote viwili na kuvipanga ncha mbili za shamiana. Mapato kwa kila mtu yameshuka, na wapigaji wengine sasa huenda dagaa usiku, wakaonekana kwenye shughuli kubwa tu. Wale wawili wa bahasha hawajapatana. Husikilizana lakini. Nilimkuta mmoja amesimama gizani nje ya shamiana ambamo mwenzake alikuwa anaongoza Barzanji, anapiga mapigo kwenye paja lake, na aliponiona akaniambia, "Shikamoo Mwalimu. Pale kati wameharakisha."

Majuzi nimeletewa kesi nyingine. Nyuma ya soko wapo vijana wawili wenye chumba kimoja, kompyuta moja ya mezani na kipaza sauti walichokivisha soksi ili pumzi isigonge. Wanatengeneza singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Sikio langu hufika limechelewa, ila watoto wa mtaa wanazijua zote. Mmoja ameitwa Mbagala na jamaa wenye studio. Mama wa yule anayebaki alinifuata mpaka nyumbani. "Mwalimu, kaseme nao. Waliokua pamoja hawaachani."

Nikaenda. Sikusema nao habari ya kuachana. Niliuliza kompyuta inabaki kwa nani. Anayeondoka akajibu inabaki, na biti zote zimeshanakiliwa kwenye flashi mbili, kila mmoja na yake. Na nyimbo ni za nani? Hapo wakatazamana, nami nikatoa daftari. Tuliandika moja moja, nani katunga, nani kaimba, nani kaleta wazo tu. Zikabaki mbili ambazo kila mmoja aliapa ni zake, na boti ya Nyamisati ilikuwa inaondoka alfajiri. Niliwaambia wazipige wote, yule Mbagala na huyu hapa, kila mtu kwa namna yake, tuone ipi itaombwa harusini.

"Na akinishinda?" aliuliza anayebaki.

"Utamjibu," nilimwambia.